Viamsha plasminojeni na vizuizi vyake

Viamsha plasminojeni ni vimeng'enya vinavyogeuza plasminojeni ya damu kuwa plasmini, inayoyeyusha nyuzi za fibrini zinazoshikilia donge la damu. Vikuu ni viwili: tPA, kitokacho hasa kwenye utando wa ndani wa mishipa, na uPA, kilichotambuliwa kwanza katika mkojo. Kizuizi kikuu cha viamsha hivi, PAI-1, huwa kingi kwa watu wanene na wenye kisukari cha aina ya 2, na madonge yao hukawia kuyeyuka.

Upungufu wa PAI-1 umechunguzwa sana katika jamii ya Waamish wa Berne, Indiana, Marekani. Aliyerithi hitilafu ya SERPINE1, jeni inayotengeneza PAI-1, kwa baba na mama hutokwa na damu nyingi akijeruhiwa au akifanyiwa upasuaji, na moyo wake huweza kupata makovu. Ajabu, waliorithi kwa mzazi mmoja tu, kwa mujibu wa utafiti wa 2017, huishi takriban miaka 10 zaidi ya wenzao.

Katika saratani ya matiti pia, PAI-1 ikiwa nyingi kwenye uvimbe, ugonjwa huelekea kurudi.

Kama dawa, tPA iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kutibu kiharusi cha mshipa kuziba. Kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuonyesha kuwa damu haijavuja ubongoni.