Watoto wa Walionusurika Wako Kati Yetu

Mji wa Chato uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na leo umo katika mkoa wa Geita. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Chato ilikuwa mkoa wa Kagera, na kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, iliyopakana na Ngara. Na Ngara imepakana na Rwanda. Nimeanza na mipaka kwa sababu jambo ninalotaka tulizungumze juma hili liliivuka mipaka hiyo kwa miguu, likiwa limebebwa na watu waliokimbia kifo. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyenusurika katika mauaji ya kimbari akizaa mtoto, mtoto huyo anarithi nini?

Miongoni mwa waliolichunguza sana swali hilo ni Wayahudi. Katika vita kuu ya pili, utawala wa Hitler uliwaua Wayahudi wapatao milioni 6. Walionusurika walitawanyika duniani, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Montreal, Kanada, aitwaye Vivian Rakoff, alichapisha habari za watoto wa watu hao. Watoto wenyewe hawakupata kuiona kambi ya mateso hata kwa mbali, lakini walikuwa na majonzi mazito kana kwamba wao ndio waliotoka huko. Mwaka 1979 mwandishi Helen Epstein, aliyezaliwa Prague mwaka 1947 na wazazi walionusurika, alitoa kitabu kilichotokana na mazungumzo yake na wenzake wa namna hiyo. Katika nyumba nyingine habari za kambi zilikuwa hazitajwi kabisa. Katika nyingine zilikuwa hazikomi. Mtoto hana babu, hana bibi, na pengine amepewa jina la mtu aliyeuawa, hata anakua akijiona yuko duniani kwa niaba ya marehemu.

Pengine msikilizaji atasema hayo ni mambo ya Ulaya. La, hasha. Desemba 1963 Watutsi waliokuwa uhamishoni Burundi waliishambulia Rwanda, wakashindwa. Kisasi kikawaangukia Watutsi waliobaki nchini, watu ambao hawakushika silaha yoyote. Katika majuma machache tu, hasa upande wa Gikongoro, waliuawa kwa maelfu; makadirio mengi hutaja watu 10,000 na zaidi. Februari 1964 mwanafalsafa wa Uingereza, Bertrand Russell, alitamka kwamba dunia haikuwa imeshuhudia mauaji ya kutisha na ya mpango kiasi hicho tangu Wayahudi walipoangamizwa. Maneno hayo yalitolewa miaka 30 kabla ya mwaka 1994, na ulimwengu ukayasahau.

Watu walikuwa wameanza kukimbia tangu Novemba 1959. Nchi yetu iliwapokea. Wengine waliwekwa Muyenzi, huko Ngara. Wengine, waliokuwa wamekimbilia Kongo kwanza, waliletwa Mwesi, wilaya ya Mpanda. Wengine hawakupita kambi yoyote, bali waliingia vijijini, wakaomba shamba, wakalima. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ilikubali kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000. Hilo ni tendo la kujivunia, na mataifa tajiri kuliko sisi hayakulifanya kwa wakimbizi wao.

Sasa hebu tumfikirie mtoto aliyezaliwa katika nyumba hizo. Akiuliza babu yuko wapi, anaambiwa alikufa zamani. Akiuliza alikufa kwa nini, anatumwa kuteka maji. Mzazi ananyamaza kwa uchungu, na uchungu huo tunauelewa. Lakini ananyamaza pia kwa hofu. Kinyarwanda kinazungumzwa ndani, mlango ukiwa umefungwa. Nje ya nyumba ni Kiswahili, au lugha ya majirani, na mtoto anajifunza mapema kwamba asili yake si ya kutajwa ovyo. Katika maeneo mengi ya ukanda huu wa ziwa mtu huhesabiwa kwa babu zake, na kaburi la babu shambani ni ushahidi kuliko karatasi. Mtoto huyu hana kaburi la kuonyesha. Babu yake alitupwa asikokujua, na aliyelishuhudia jambo hilo hasemi.

Ikafika Aprili 1994. Katika siku zipatazo 100 waliuawa nchini Rwanda watu 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda yenyewe husema zaidi ya milioni moja. Mto Kagera ukabeba maiti hadi Ziwa Victoria, ziwa hili hili linalopiga mawimbi Chato. Upande wa Uganda, katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo, walizikwa zaidi ya watu 10,000 waliopatikana majini. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Miongoni mwao walikuwamo watu wasio na hatia, wake kwa watoto, na walikuwamo pia wauaji.

Kwa mtoto wa mkimbizi wa 1963, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, yale aliyofichwa na baba yake kwa miaka 30 yalikuwa yakitangazwa redioni. Tena, katika kauli zetu za mitaani, yeye na waliovuka Rusumo wote wakawa na jina moja: wakimbizi. Aliyenusurika na aliyeua wakawekwa katika kapu moja.

Mahakama ya Kimataifa iliundwa Novemba 1994 na kuwekwa Arusha, hapa kwetu. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hukumu hiyo ikawa ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Ilifunga kazi Desemba 2015. Ilifanya kazi kubwa, lakini ilipewa mamlaka juu ya makosa ya mwaka 1994 peke yake. Waliouawa Gikongoro mwaka 1963 hawakuwamo, wala watoto wao hawakuitwa kutoa ushahidi. Ushahidi wao umebaki majumbani, haukuandikwa na karani yeyote.

Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kwa lengo la kuwaondoa wahamiaji haramu na kukomesha ujambazi. Serikali yoyote ina haki ya kulinda mipaka yake, na abiria waliokuwa wakitekwa barabarani walistahili ulinzi. Hata hivyo, miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu walioishi hapa miongo mingi, na wengine waliozaliwa hapa hapa. Tujiulize, mtoto wa aliyenusurika alijifunza nini mwaka huo? Alijifunza kwamba baba yake alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963 leo amepita miaka 80. Akizikwa na habari zake, wajukuu watabaki na hofu isiyo na maelezo, na hofu ya namna hiyo ni rahisi kugeuzwa chuki na mtu mwenye nia mbaya. Kwa hiyo wazee na waseme, kwa kipimo cha umri wa mtoto: nani aliuawa, wapi, na nani aliwaficha wakapona, maana wapo walionusurika kwa kusaidiwa na mtu. Mtoto apewe majina ya ndugu zake waliokufa, asipewe kabila zima la kulichukia.

Lakini mzee hawezi kusema ikiwa jirani yake anasubiri neno la kumshtaki nalo. Hapo ndipo sisi tunapoingia. Mwalimu anayemwacha mwanafunzi ataniwe kwa urefu wa pua yake, mgombea anayetafuta kura kwa kuuliza wazazi wa mwenzake walizikwa wapi, na sisi tunaosema "rudi kwenu" kwa mtu aliyezaliwa Chato, sote tunamfunga mzee huyo mdomo. Tuliwapa wazazi wao ardhi na uraia. Watoto wao wanatudai jambo dogo kuliko hayo: waweze kumtaja babu yao kwa jina, barazani, mchana, bila kuangalia nani anasikiliza.