Stelingi Hapigani Peke Yake

Vijana wengi tunaojifunza kuandika tumelelewa na vibanda vya video. Tumemtazama Rambo, tumemtazama Arnold ndani ya Commando, na tukishika kalamu mtu anayekuja ni huyohuyo: stelingi. Anaingia peke yake, anaangusha watu hamsini, anatoka na mkwaruzo mmoja shavuni. Mimi naandika riwaya yenye mpiga mkuki wa Rungwe wa karne ya 19, na swali lililonisumbua ni dogo tu: mpiganaji wa ana kwa ana alichaguaje namna yake ya kupigana? Awe na mkuki gani, asimame wapi, amtegemee nani? Jibu liko kwenye historia ya huku kwetu, na halifanani kabisa na video.

Hata watengeneza michezo ya ubao wameliona jambo hili. Sisi vijiweni tumezoea drafti na bao, mtu kwa mtu, mmoja anakula na mwingine ananuna. Lakini ipo michezo ambayo wachezaji wanakuwa kundi moja. Chukua HeroQuest, uliotoka mwaka 1989. Mashujaa wanne wako upande mmoja, na mchezaji mwingine anawaendesha maadui. Mbabe wa upanga anarusha dadu tatu anaposhambulia, mchawi anarusha moja tu. Mbabe ana nguvu za mwili 8 na za akili 2; mchawi ana 4 za mwili na 6 za akili. Kwa hiyo ukimchagua mbabe, usijiulize utaua wangapi. Jiulize wenzako wamepungukiwa nini, kisha simama palepale kwenye pengo.

Sasa njoo Rungwe. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na vijiji vya rika. Godfrey na Monica Wilson waliishi nao miaka ya 1930, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza utaratibu huo. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi au kumi na moja aliondoka kulala kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda na wenzake pembeni. Chakula walikula kwa mama zao, lakini hawakwenda mmojammoja. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walichunga pamoja, wakakua pamoja, wakaoa na kuzeekea kijiji kilekile. Raha ya kukaa na wenzako waliiita ukwangala.

Ona basi, bwana. Wito wa vita ulipokuja, mtu hakuhitaji kuuliza nani atasimama kushoto kwake. Alikuwa amekula naye chungu kimoja tangu utotoni. Alimjua nani ana mbio, nani ana hasira za haraka, nani akisema hatorudi nyuma harudi kweli. Mpiganaji alitengenezwa na kijiji miaka mingi kabla hajashika ngao.

Na si wote waliokuwa wa mkuki. Kulikuwa na walinzi wa usiku, abamanga, walioaminika kuwaona wachawi ndotoni na kupambana nao kwa ajili ya kijiji. Mkuu wa kijiji alitegemewa zaidi katika ulinzi huo, naye hakuwa mtoto wa chifu. Alichaguliwa kutoka kwa watu wa kawaida. Uamini au usiamini uchawi, tazama mpango wenyewe. Kijiji kilikuwa na mtu wa adui anayeonekana na mtu wa adui asiyeonekana, na mwenye mkuki alilala usingizi kwa sababu yuko mwenzake anayekesha kwa namna nyingine.

Silaha nayo ina watu nyuma yake. Chuma kilishuka kutoka milima ya Livingstone, kwa wahunzi wa Kikinga, ambao walibadilishana majembe na silaha na watu wa bondeni wenye chakula na ng'ombe. Mkuki wa Mnyakyusa ulikuwa na jasho la Mkinga.

Kusini mwa Afrika kulitoka fundisho jingine. Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka Zambezi mwaka 1835, walileta mkuki mfupi wa kuchoma na mapigano ya vikosi. Wasangu, majirani zetu wa kaskazini, walijifunza mbinu hizo, na Wahehe wakajifunza kwa Wasangu. Mkuki mfupi unatisha, lakini una sharti lake: lazima umfikie adui, na ili umfikie unahitaji kikosi kinachokwenda kwa mwendo mmoja. Mpe mkuki huo mtu mmoja uwanjani naye ni maiti inayotembea.

Ndiyo maana ya Lugalo, kule Iringa, tarehe 17 Agosti 1891. Wahehe walijificha vichakani, wakangoja msafara wa Wajerumani uingie katikati, kisha wakaruka wote kwa mara moja kabla bunduki hazijapata nafasi. Kamanda Zelewski aliuawa pale. Lakini mwaka 1894 vita vilihamia kwenye kuta za Kalenga, na Wajerumani wakaja na mizinga. Umbali ukachaguliwa na adui. Mashujaa walikuwa walewale, ila pengo la kusimama halikuwepo tena.

Rungwe pengo lilizibwa taratibu. Zamani kulikuwa na ubusoka, sherehe ambayo wazee waliwakabidhi nchi vijana wao, wakubwa wao wakiwa na miaka kama thelathini na tano. Utawala wa kikoloni ukaweka boma Tukuyu na kuondoa vita. Vijana wakaenda kutafuta fedha machimbo ya Lupa na migodi ya Copperbelt. Kahawa ikaifanya ardhi kuwa mali ya mtu binafsi. Miaka ya 1950 vijiji vya rika vilikuwa vinakufa. Kijana akabaki na nguvu zake, bila sherehe ya kumwambia sasa nchi hii ni yako, simama hapa.

Nadhani stelingi wa video alitupata kirahisi kwa sababu hiyo. Ni shujaa wa mtu asiyekabidhiwa kitu na yeyote. Kwa hiyo mwandishi mwenzangu, ukitaka kumwandika mpiganaji wa huku, usianze na misuli. Anza na mama aliyewapikia watoto kumi usiku ule, mhunzi aliyefua chuma, mzee aliyekesha, na jirani wa kushoto. Ukiwamaliza hao, mkuki atakaoushika utaujua bila kubahatisha.