Lavabo na meza yake: namna ya kuchagua ile itafaa jamaa nzima

Mu nyumba mingi za Goma, Bukavu ao Uvira, lavabo moja inatumikia jamaa nzima: watoto wanasukutua meno pale, baba ananyoa ndevu, mama anafua nguo ndogo. Na juu kolera inarudia mara kwa mara kandokando ya maziwa yetu, fasi ya kunawa mikono si pambo. Mbele ya kutoa feza, tazama mambo haya.

Anza na ukuta na maji

Lavabo ya kutundika inafaa ku ukuta ya matofali ao mawe. Ku nyumba ya mbao, kama zile mingi ziko juu ya lava kule Goma, misumari itaachia siku mutoto atajiegemeza. Hapo chukua lavabo yenye muguu, ao jenga meza yenye kusimama chini.

Jiulize tena: maji ya REGIDESO inafika kila siku? Kama hapana, acha fasi ya bidoni yenye robine juu ya meza. Bidoni ya litre 20 ikijaa inapita kilo 20. Meza yepesi haitaibeba muda murefu.

Meza gani?

Betoni yenye karo. Fundi wa mutaa anaijua, na ikivunjika karo moja, unabadilisha ile moja tu. Vyuma viwekwe karibu na upande wa chini wa betoni kama meza inakaa juu ya kuta mbili. Kisha betoni imwangiwe maji kwa siku saba, isikauke mbio na kupasuka. Chagua karo kubwa: uchafu na ukungu vinashika ku viungo, na karo kubwa iko na viungo kidogo.

Granite. Bei iko juu, lakini ni ngumu na haiogopi maji.

Marbre. Inapendeza, lakini limau na siki vinaikula. Kama mu nyumba munasafisha na limau, iache.

Tripleksi na mbao za kugandishwa. Maji ikiingia ku kingo, zinavimba na kuachana. Kama hauna njia ingine, paka rangi ya mafuta pande zote, hata chini na ndani ya tundu la lavabo.

Lavabo yenyewe

Fayansi inasafishika vizuri na haiogopi javeli, lakini chupa nzito ikianguka ndani inaweza kuipasua. Inokisi haipasuke, ila javeli ikilala ndani inaacha madoa: suuza mara moja. Plastiki iko bei ya chini, lakini inakwaruzika na uchafu unashika ku mikwaruzo.

Yoyote utachagua, tafuta ile yenye tundu ya juu, karibu na ukingo. Maji ikikatika, mara mingi mutu anasahau robine wazi. Maji ikirudi usiku na kizibo kikiwa kimefunga, ile tundu ndiyo itapunguza mafuriko mu nyumba.

Urefu

Kwa mutu mukubwa, ukingo wa lavabo ukae sentimeta 80 mpaka 85 toka chini. Usiishushe sana juu ya watoto, watakomaa. Wajengee kipandio kizito chenye hakitelezi. Kumbuka pia: lavabo ya kukaa juu ya meza inaongeza urefu, basi meza yake ishuke.

Sifoni na njia ya maji chafu

Maji yenye kubakia mu kona ya sifoni ndiyo inazuia harufu isipande. Nunua ile inafunguka kwa mukono, juu nywele na mabaki ya sabuni vitaiziba. Tuyo ya kutokea ishuke sentimeta 2 hivi kwa kila metre moja.

Maji ile iende mu shimo, si mu kiwanja cha jirani. Ku miteremko ya Bukavu, maji yenye kumwangika kila siku fasi moja inalegeza udongo, na nyumba ya chini ndiyo inaumia.

Mbele ya kumaliza kulipa fundi

Ziba lavabo, ijaze, kisha fungulia maji yote kwa mara moja. Pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Ikilowana hata kidogo, fundi akaze tena, ndipo umupe feza zenye zimebakia.