Habari za Mkato wa Mshazari

Hapa Buhemba, mtu akitaja kazi ya kale, wengi hufikiri dhahabu tu. Lakini hata mchimba dhahabu hulala nyumbani, na nyumba ina mlango, na mlango una mbao za ukingo; na pale ubao wa juu unapokutana na ule wa ubavuni ndipo fundi hodari anapotambulikana. Basi tumeona vema kuwaandikia ndugu wasomaji habari za mkato ule.

Wamisri wa kale walikata mbao kwa misumeno ya shaba, nao waliivuta kuelekea kwao, kwa kuwa shaba ni laini, ukiisukuma hupinda. Warumi walikuwa na chuma. Mwandishi wao Plinio, aliyekufa mwaka 79, ameeleza ya kuwa meno ya msumeno hupindwa moja huku na moja huku, yapate kutoa unga wa mbao. Waingereza huuita mkato wa mshazari kwa jina lile lile la kofia ya askofu, jambo lililowachekesha sana vijana wetu wa kipaimara.

Katika nchi za ziwa letu aliyesifiwa kwa kazi ya mikono ni Alexander Mackay, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1849, aliyefika Uganda mwaka 1878. Alikuwa mhandisi, seremala na mhunzi pamoja, tena alichonga herufi za mti ili apate kupiga chapa masomo ya Kiganda. Mama yake Kabaka Mutesa alipokufa, yeye ndiye aliyetakiwa kutengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la kati likiwa la shaba. Alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, tarehe 8 Februari 1890.

Mafundi wa zamani walitumia kisanduku cha mbao tatu kisicho na kifuniko, chenye nyufa zilizokatwa kwa digrii 45. Msumeno ukipita humo haukosei njia. Mwaka 1777 Samuel Miller wa Southampton alipata hati ya msumeno wa duara. Mwaka 1964 kampuni ya Rockwell huko Marekani ilitoa msumeno wa umeme ushukao juu ya meza na kugeuzwa upande. Siku hizi twauona hata katika karakana za Musoma.

Lakini mashine haimwondolei mtu hesabu. Fremu ya picha ina kona nne, yaani mikato minane. Kila mkato ukikosa nusu digrii tu, kona ya mwisho itaachana kwa digrii 4, na panya atapata mlango. Sisi wenyewe tulitengeneza fremu ya picha kwa kanisa letu, tukaziba kona ya nne kwa gundi na unga wa mbao. Mwaka haukupita, ufa ukaonekana kwa kila aketiye mbele. Tangu hapo hukata kwanza vipande viwili vya takataka, tukaviunganisha na kuvipima kwa pembe mraba.

Kuta nazo hazinyooki, hasa za matofali yetu ya kuchoma. Kona ya ukuta ikiwa digrii 92, ncha ya kila ubao na iwe 46. Ila msumeno wa umeme huhesabu kutoka mkato ulionyooka, kwa hiyo utaelekezwa kwenye 44. Wengi huharibu mbao hapo.

Na vidole, je? Msumeno wa mkono huonya kabla ya kujeruhi, ule wa umeme hauonyi. Ubao na ubanwe imara ukutani mwa mashine, mkono ukae mbali na njia ya msumeno, wala mikono isipishane. Kipande kifupi kisishikwe kwa vidole, bali kwa kibano. Mikono ya kanzu ikunjwe, macho yafunikwe kwa miwani. Tena msumeno ufikie mwendo wake wote kabla ya kugusa ubao, na ukiisha kukata, achia swichi, ungoje usimame kabisa, ndipo uuinue na kuokota kipande. Kungoja huko ni kwa pumzi chache tu, nako ndiko vijana wasikokuweza. Kule kwetu fundi mmoja mzee huwafanya wahesabu hadi kumi kwa sauti, naye husimama karibu akisikiliza.