Mgeni na Jembe Lake

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yatufaa tuitazamapo Kosta Rika, taifa dogo la Amerika ya Kati, ambako wazee wengi wa Marekani huhamia ili wamalizie umri wao penye joto, na baadhi yao hushinda wakitazama ndege.

Alexander Skutch, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1904, aliwatangulia. Alikuwa mtaalamu wa mimea, na migomba ndiyo iliyomfikisha katika nchi hizo. Ndege ndio waliomzuia asirudi kwao. Mwaka 1941 alinunua shamba katika bonde la El General, akalima chakula chake na kuwachunguza ndege viotani mwao. Awali, mwaka 1935, alikwisha kueleza kwamba wako ndege wanaolisha makinda yasiyo yao. Mwaka 1989, yeye na Gary Stiles walitoa kitabu cha kuwatambulisha ndege wa nchi ile. Alifariki mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 99.

Shamba lake aliliita Los Cusingos. Cusingo ni jina ambalo wenyeji humwita ndege mmoja mwenye mdomo mkubwa. Msomi yule hakuona haya kulichukua jina vinywani mwa wakulima.

Je, sisi tuliozaliwa chini ya miti yetu, tunawafundisha watoto majina ya ndege waimbao nje ya madarasa? Jina likisahauliwa, mwenyeji naye hugeuka mgeni.