Tansio ya Mimba Masisi na Walikale: Lawama Iliyokosea Njia

Mwanamke wa Masisi au Walikale, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, anayefikishwa materinite akiwa tayari ameshikwa na kifafa cha mimba hulaumiwa upesi: amechelewa, alianzia kwa mganga wa kienyeji, alidhani ni mashetani. Imani hizo zipo, wala sizikatai. Lakini tansio ya mimba hupanda kimyakimya. Kichwa kikianza kugonga na macho kuona ukungu, hatari imeshakaribia. Anayeweza kuiona mapema ni mwenye kipimo, si mwenye mimba. Hata Uingereza, pamoja na hospitali zake zote, ilibidi serikali itoe mwongozo mwaka 1929 wa kupanga siku za kumpima mjamzito, kwa sababu kumsubiri mama aje na dalili ni kuchelewa tayari.

Mpango wa kumfuata mama Kivu nako uliwahi kuwekwa. Miaka ya 1980 Zaire, Kongo ya leo, iligawanywa katika zoni 306 za afya: mama apimwe kwenye kituo cha karibu, na mwenye hatari apelekwe hospitali kuu ya rufaa. Yote yalitegemea njia kupitika. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, na amani ya kudumu haijarudi. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, sehemu kubwa msitu. Milimani Masisi mgonjwa hubebwa kwa kipoyi mabegani mwa wanaume, na penye vizuizi vya wenye silaha safari ya usiku ni kujitoa mhanga. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini mwezi Januari, na Walikale mjini mwezi Machi.

Wapo wanaosema tatizo ni dawa. Dawa inajulikana: utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sulfati ya magnesi hupunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Bei yake si kubwa. Inachodai ni mtu: kabla ya kila dozi muuguzi agonge goti aone kama mguu unaruka, ahesabu pumzi, apime mkojo. Muuguzi aliye peke yake zamu nzima, huku mama mwingine akisukuma mtoto chumba cha pili, atamwacha nani? Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières, walioanza kazi hospitali ya Masisi mwaka 2007, waliweka makazi ya kungojea uzazi jirani na hospitali. Ni msaada mkubwa, ila mwenye watoto wadogo na shamba hawezi kukaa huko majuma mengi. Kwa hiyo kipimo cha tansio na dozi ya kwanza ya magnesi viwepo katika kila kituo cha afya, na dozi hiyo itolewe kabla kipoyi hakijanyanyuliwa.