Ritifaa ya ng': Alama iliyopewa kazi ya herufi

Muhula uliopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa nakala ya kitambulisho chake, ya pili cheti chake cha shule. Kwenye kitambulisho, jina la babake limeandikwa kwa ng' yenye ritifaa. Kwenye cheti, ritifaa haipo. Ofisi moja alikoomba kazi ilikuwa imemrudisha akaape mbele ya wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

"Prof, nimelipia hati ya kiapo kwa sababu ya kialama kinachoning'inia hewani," akaniambia.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa pesa. Alikuwa amemuuliza karani kwa nini kompyuta ililikataa jina lake likiwa na ritifaa, naye akajibiwa: "Mfumo unakubali herufi, haukubali alama." Ndipo akaniuliza swali lililomleta: je, si afadhali aifute ritifaa kwenye stakabadhi zake zote, yaishe? Wadogo zake wawili walikuwa wamekwishafanya hivyo.

Nilikuwa tayari kumkasirikia yule karani. Kisha nikakumbuka kwamba amepita mikononi mwetu sisi walimu, na kwamba alichosema ndicho tulichomfunza.

Hebu kumbuka, msomaji mpendwa, ulivyofunzwa wewe. Katika somo la sauti, mwalimu aliorodhesha konsonanti ubaoni. Alipofika kwenye kaakaa laini akaandika k, g, gh na ng'. Siku hiyo ng' ilikuwa konsonanti kamili, sawa na b au m. Baadaye likaja somo la uakifishaji: nukta, koma, nusukoloni, alama ya hisi, na mwisho kabisa, kengele ikikaribia kulia, ritifaa. Ukaandika daftarini kwamba ritifaa "hutumika katika maneno kama ng'ombe," ukafunga daftari.

Basi ni ipi kati ya hizo mbili? Ni sehemu ya herufi au ni alama ya uakifishaji? Hakuna aliyekwambia, na mimi mwenyewe kwa miaka mingi sikuwaambia wanafunzi wangu. Jibu limo katika historia ya namna lugha yetu ilivyoandikwa.

Tuanze na jina. Ritifaa ni neno lenye asili ya Kiarabu, linalohusiana na maana ya kuinuka. Linafaa, kwa kuwa alama hii hukaa juu ya mstari. Wapo wanaoiita kibainishi. Lakini alama yenyewe haikutoka Uarabuni. Jina lake la Kigiriki lina maana ya kugeuka kando, na katika karne ya 16 wachapishaji wa Ufaransa waliitumia kuonyesha irabu iliyomezwa mwishoni mwa neno. Waingereza nao wakaichukua. Kazi yake ya asili ilikuwa kumwambia msomaji kwamba hapa pana kitu kimeondolewa. Shika hilo, tutalirudia.

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi za Kirumi. Kiarabu hakina sauti ng'. Waandishi wa pwani walitumia waliyokuwa nayo, na mara nyingi herufi moja, ghaini, ilibeba gh, g, ng na hata ng'. Msomaji wa Lamu au Mombasa hakuteseka. Lugha alikuwa nayo kinywani tangu utotoni, hivyo maana ya sentensi ilimwonyesha kama anayesomewa ni ng'ombe au ni ngoma. Maandishi yalikuwa ya kumkumbusha mtu anachokijua.

Mambo yalibadilika walipokuja watu wasioijua lugha. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka wa 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa Ujerumani. Edward Steere alifika Unguja mwaka wa 1864, na kitabu chake kuhusu Kiswahili cha huko kikatoka mwaka wa 1870. Watu hawa walikuwa wakiwaandikia wageni wenzao. Kwa msomaji wa aina hiyo, kila sauti ilihitaji kuonekana kwenye karatasi.

Na hapo wakakwama. Hati za Kirumi hazina herufi ya ng'. Kiingereza kinayo sauti hiyo, lakini huitamka mwishoni mwa silabi, kama katika neno "king". Hakianzi neno nayo. Ndiyo maana ukipekua kamusi na vitabu vya safari vya karne ya 19 utamkuta mnyama yule yule akiitwa gnombe hapa, n'gombe pale, na ng'ombe kwingineko. Ng'ombe alikuwa mmoja. Kila mwandishi alimfunga kwa kamba yake.

Kwa nini ng' ndiyo iliyoshinda? Nionavyo mimi, sababu moja ilikuwa sanduku la mpiga chapa. Wamishonari wa Unguja walikuwa na mtambo wao wa uchapishaji, na herufi za risasi zilitoka Ulaya. Ritifaa ilikuwemo sandukuni tayari kwa sababu Kiingereza huitumia kila siku. Hapakuwa na haja ya kuagiza herufi mpya. Baadaye zilipokuja taipureta, mambo yakawa yale yale. Ile niliyojifunzia mimi kupiga chapa ilikuwa na ritifaa juu ya nambari 8, ikisubiri tu kubonyezwa.

Njia nyingine ilikuwapo. Mwaka wa 1927 taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika, yenye makao yake London, ilitoa mwongozo wa kuandika lugha zetu. Ulipendekeza sauti hii ipewe herufi yake yenyewe, ŋ, yaani n yenye mkia. Lugha ya Ewe ya Ghana na Togo huitumia herufi hiyo hadi leo. Jirani zetu Waganda nao wanayo katika tahajia sanifu ya Kiganda iliyokubaliwa mwaka wa 1947.

Kiswahili kilikuwa kikisanifishwa wakati ule ule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, jambo ambalo wenyeji wa Mombasa hawajalisahau. Mnamo Januari 1, 1930, Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson ilipotoka mwaka wa 1939, ng' ilikuwa imekaa mahali pake na ŋ haikuonekana. Ndivyo ritifaa, alama iliyozoea kuonyesha kilichoondolewa, ilivyopewa kazi ya herufi ambayo hatukuipata.

Tazama sasa kazi yake hiyo mpya. Katika neno ng'ombe hakuna kilichofupishwa. Hakuna irabu iliyomezwa. Ritifaa pale inamwambia msomaji asitamke g. N, g na ritifaa kwa pamoja ni sauti moja. Ukiiondoa hujapunguza urembo, umeandika herufi nyingine. Kung'oa ni kutoa kitu kwa mzizi. Ngoa, bila ritifaa, ni wivu au uchu. Ndiyo maana husemwa mtu analia ngoa. Mwanafunzi aliyeniandikia katika mtihani kwamba mkulima "alingoa magugu" hakukosa alama ya uakifishaji. Alikosa konsonanti.

Yupo atakayeniambia kwamba muktadha unatosha, kama ulivyowatosha wasomaji wa hati za Kiarabu. Hoja hiyo ina uzito, na Kiswahili sanifu chenyewe kiliikubali mahali pengine. Waswahili wa Mombasa hutofautisha paa wa mwituni na paa la nyumba kwa mpumuo: yule mnyama hutamkwa kwa pumzi inayosikika, la nyumba halina. Vivyo hivyo chungu wale wadudu na chungu cha kupikia. Wataalamu wa lahaja hutumia ritifaa kuonyesha mpumuo huo, wakaandika p'aa na ch'ungu. Tahajia sanifu iliuacha mpumuo bila alama, ikatuachia muktadha. Lakini ng' haikuachwa. Katika kupunguza kote kule, hii ilionekana haiwezi kukosekana. Nasi tukaja kuifunza kama jambo la ziada.

Wala si sauti ya kigeni kwetu. Mjaluo akisema "ang'o" anauliza "nini," na huandika hivyo hivyo. Mkikuyu ana Ng'ang'a, Mkalenjin ana Lang'at. Sisi wa Nairobi tuna mtaa wa Lang'ata, ambao vibao vingine huuita Langata, na tuna Ngong, ambayo karibu kila mtu huitamka Ng'ong' na karibu hakuna anayeiandika hivyo. Maneno nayo yanaendelea kuja. Mwalimu Julius Nyerere alipoondoka madarakani mwaka wa 1985 alitupa kung'atuka kutoka lugha yake ya Kizanaki. Televisheni za dijitali zikaleta ving'amuzi sebuleni. Magazeti yetu hayawezi kuandika habari za uchaguzi bila neno kinyang'anyiro.

Siku hizi ninaifunza hivi. Sisubiri somo la uakifishaji. Ninawaambia wanafunzi wazibe pua kwa vidole viwili, kisha wajaribu kuvuta ng' ndefu kama mtu anayevumisha wimbo. Haivutiki, kwa sababu hewa yake yote hupitia puani. Darasa hucheka, lakini halisahau. Kisha ninawaonyesha kwamba sauti zipitazo puani, m, n, ny na ng', zinaitwa ving'ong'o, na kwamba huwezi hata kuliandika jina la kundi hilo bila kuiandika ng' mara mbili. Baada ya hapo ninawapa sheria moja: ritifaa hii hukaa baada ya g, kamwe si kati ya n na g. N'gombe ni kosa la karne ya 19 linaloendelea kuzeeka nasi.

Ndipo, siku nyingine kabisa, ninawafunza ile ritifaa ya pili, ile inayofanya kazi yake ya asili. Hii ndiyo ya uakifishaji. Hutuonyesha kilichoachwa, kama mtu akiandika '63 kwa 1963, au n'takuja kwa nitakuja. Washairi ndio wenye mali hapa. Mtunzi anapotafuta mizani husema 'mekuja badala ya nimekuja, nasi huita ufundi huo inkisari. Mashairi ya kale yaliyokuwa katika hati za Kiarabu yalipohamishiwa hati za Kirumi, wahariri wengi waliiweka ritifaa mahali silabi ilipokatwa, ili msomaji asidhani mtunzi amekosea. Ukiitoa ritifaa hiyo, neno limepoteza maelezo tu. Sauti zake hazijabadilika. Ukiitoa ile ya ng', sauti imebadilika. Ukiwaeleza wanafunzi tofauti hiyo, makosa mengi hupungua yenyewe.

Ninajua vikwazo vilivyopo. Kwenye simu, ritifaa imefichwa nyuma ya kurasa za nambari, na kijana anayeandika kwa kidole gumba hana subira ya kuitafuta. Kompyuta nayo, ikiikuta mwanzoni mwa neno, huigeuza kuwa alama ya kufungua usemi. Haya ni ya kurekebishwa, na wanaounda mifumo ni watoto wetu, wengi wao wana ng' katika majina ya koo zao. Wakiambiwa ukweli kwamba hii ni sehemu ya herufi, sidhani watashindwa kuiwekea nafasi. Lakini hatuwezi kuwalaumu kwa kutojua ambacho sisi wenyewe tumekifunza kwa dakika tano za mwisho wa kipindi.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Nilimwomba alisome jina la babake kwa sauti jinsi lilivyo kwenye kitambulisho. Akalisoma. Kisha nikamwomba alisome jinsi lilivyo kwenye cheti, kila herufi kama ilivyoandikwa, bila kumsaidia mwandishi. Akalisoma, akanyamaza, akalisoma tena.

"Huyu simjui," akasema.

Nikamwambia basi jibu analo. Ataendelea kuibeba ile hati ya kiapo kwa muda, na inauma kulipia herufi ambayo ni yako. Jana amenipigia simu kunijulisha kwamba ameanza taratibu za kukirekebisha cheti. Mdogo wake mmoja, akaniambia, amekwenda naye.